Muzee Aliyepima Mara Mbili

Kule Majengo, ukiingia farmasi ya muzee na kusema, "Papa, nataka dawa ya mutoto, ana miaka mine," alikuwa anakutazama juu ya miwani yake kama vile umemutajia rangi ya pazia la nyumbani kwako. Miaka hakuitaka. "Mutoto iko na kilo ngapi?" Mama anacheka, maana nani katika Goma anajua mutoto wake ana kilo ngapi? Kilo ni za maharagi, ni za viazi, ni za makala. Basi muzee anatoka nyuma ya meza, anafungua mulango wa pembeni, na pale mama anaona mizani ya kutundika, ile ile ya wauza viazi wa soko, imefungwa kwenye boriti na kikapu chini yake. Mutoto anawekwa ndani ya kikapu. Wengine wanapiga kelele, wengine wanadhani ni bembea na hawataki kutoka. Muzee anasoma namba kwa sauti, na namba ile inakuwa jina la mutoto kwa siku nzima. "Leteni Kumi na Mbili, dawa yake iko tayari."

Alikuwa mufarmasia, lakini si wa kuuza tu. Alikuwa anatengeneza. Katika muji wetu dawa nyingi zinafika zikiwa komprime, vidonge vya watu wakubwa, na mutoto mwenye kifafa au moyo mubovu hawezi kungoja akue ndipo apate dawa ya kipimo chake. Muzee alikuwa anaziponda ndani ya kinu kidogo cha mawe, anachanganya ule unga na sukari ya maziwa, anaugawa juu ya kioo, anaupima kidogo kidogo, anaufunga ndani ya karatasi nyeupe zilizokunjwa vizuri. Pakiti moja asubuhi, pakiti moja jioni. Mimi shule ilinituma kwake kufanya staji, mazoezi ya kazi ya mwezi mumoja, nikabaki miaka.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwa muzee, na ni bora nikiseme mapema. Nilitaka siku moja nitengeneze dawa peke yangu, nimukabizi mama, mutoto anywe, bila muzee kupima tena nyuma yangu. Basi. Ningekufa kwa furaha siku ile. Nilikuwa nimeamua kwamba hiyo ndiyo kazi ya maisha yangu, na nilidhani mutu hawezi kujiita mufarmasia kama bado kuna muzee anafungua pakiti zake.

Maana desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: dawa haitoki chumbani kabla mutu wa pili hajafungua kila pakiti na kuipima upya. Huyo wa pili haruhusiwi kuambiwa wa kwanza alipata uzito gani. Kama namba zinalingana, pakiti zinafungwa. Kama moja tu haikubali, zote zinamwagwa ndani ya ndoo ya maji ya chokaa na kazi inaanza upya. Hakuna kubishana. Nilipokuwa mugeni nilijaribu kubisha, nikasema labda aliyekosea ni wa pili. Muzee akasema, "Hapa hatutafuti mwenye makosa, Kavira. Hapa tunamwaga." Na desturi ilimubana yeye pia. Zamani muke wake ndiye alikuwa anapima nyuma yake; muke alipofariki nikafanya mimi, binti ambaye hata kushika kijiko vizuri nilikuwa bado. Siku moja nilikuta pakiti yake haikubali. Nikamuambia. Yeye akachukua kazi yake ya asubuhi nzima, akaimwaga, akapangusa mikono, akaniuliza kama nimekula.

Namna yake ya kuchanganya iliwachekesha watu wa kartiye, wa mutaa wetu. Unga wa dawa hauchanganywi mara moja na sukari yote. Unaanza na kidogo kwa kidogo, halafu unaongeza kadiri ile ile, halafu tena. Kila hatua ilihitaji muda wake, na muzee alipima muda ule kwa rozari. Kumi moja ya Salamu Maria kwa kila hatua, mukono unazungusha mutwangio, mudomo unanong'ona. Wamama waliokuwa wanangoja upande wa pili wa pazia walimusikia na kujiambia kwamba dawa ya huyu papa ina maombi ndani. Habari ikafika hadi kwa paroko, ambaye alikuja kumupongeza. Muzee akakasirika. "Padri, si maombi, ni saa! Saa yangu ya mukono waliichukua wakati wa vita." Na kweli, kwenye misa ulikuwa unamuona kwa nadra, amekaa nyuma karibu na mulango. Lakini nilimuona pia akifika Salamu ya kumi na mutwangio ukasimama, na macho yakabaki yamefungwa kidogo zaidi ya lazima. Alifanya staji kwake kijana mumoja mulokole ambaye hakujua rozari hata kidogo, akauliza yeye afanye nini. "Wewe imba wimbo wenu wowote, mustari wa kwanza hadi wa mwisho. Lakini usiimbe ile ya haraka haraka."

Kuhusu vyumba vya maombi, ambako wachungaji walikuwa wanawaambia wazazi kifafa ni pepo, kwamba waache dawa, hakupiga kelele kama mimi nilivyopiga. Mama akija na wasiwasi wake, muzee alimuambia, "Nenda uombe, mama. Omba sana. Halafu jioni umupe pakiti yake. Mungu hana wivu na karatasi yangu." Wengi waliendelea kuomba, na wengi waliendelea kutoa dawa.

Maji ndiyo yalitupa taabu. Ya ziwa hakuyaamini, ya mvua ndiyo kabisa, kwa sababu mvua yetu inapita katika moshi wa mulima wa moto kabla ya kufika kwenye mabati. Basi akamuendea mama mumoja aliyekuwa anapika kanyanga, ile pombe kali ya kificho, ambaye alikuwa ameokoka na kutaka kuacha kazi hiyo. Akanunua kwake pipa na bomba lake la shaba, akalisugua siku nyingi, akaanza kuchemsha maji, kukamata mvuke, kupata maji safi ya kutengenezea siro, dawa za maji za watoto. Sasa jirani akiona pipa lile lile, moshi ule ule, bomba lile lile, atafikiri nini? Siku moja askari waliingia. Mukubwa wao akasema tumesikia unapika kanyanga, lete. Muzee akamujazia kikombe. Askari akakipiga chote mara moja, akakunja uso tayari kuungua, akangoja. Kitu hakuna.

"Hii ni nini?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

"Maji tu. Hayana kitu ndani."

Yule askari akatazama pipa, akatazama gunia la makala, akatazama kile kichupa kidogo kilichokuwa kinajaa tone kwa tone. "Unachoma makala yote haya kutengeneza maji yasiyo na kitu?" Walipotoka nilimusikia mumoja wao akisema kwa huruma kwamba vita vimemuharibu huyu papa kichwa. Muzee alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa na kicheko cha mutoto, kilipanda juu na kukatika.

Usidhani alikuwa mutu wa kunyooka kama rula. Alikuwa anawafokea wauza komprime wa barabarani, wale wanaopanga dawa kwenye ndoo chini ya jua, anawaita wauaji wa rejareja, halafu wakiugua wao wenyewe anawatibu kwanza kabla ya wateja waliofika asubuhi. Alikuwa anawaambia wamama wasiwadanganye watoto kwamba dawa ni bombo, ni peremende, na huku mufukoni alikuwa na bombo. Na alikuwa anaogopa sindano! Mufarmasia muzima! Watu wa chanjo walipopita Majengo nyumba kwa nyumba, tulimutafuta kila mahali, kumbe amejifungia chumba cha pipa, anajifanya hasikii.

Yeye alikuwa mutu wa upande wa Bukavu, sisi kwetu ni Butembo, na hiyo ilitupa mizaha ya kutosha. Akiniona nakunja karatasi bila kuharibu hata moja, anasema, "Nyinyi watu wa Butembo, mukifika mbinguni mutauliza kwanza bei ya kiwanja." Nami namujibu, "Na nyinyi wa Bukavu mutafika na suti na viatu vinang'aa, lakini hamujakula tangu jana." Saa sita tulikula pamoja nyuma ya farmasi, ugali wake wa muhogo na sambaza, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa, na viazi vyangu. Alikuwa anachukua viazi vyangu. Mimi sambaza zake.

Nilipomuambia kwamba nataka kwenda iniversite kusomea kazi hii, kazi hii hasa ya kutengeneza, si ya kuuza maboksi, nilitegemea atafurahi. Wapi! Aliendelea kupangusa kioo. Mwishowe akasema, "Siro za chupa zinaingia kutoka ngambo kila siku, tamu, nyekundu, zina picha ya mutoto mwenye mashavu. Kazi yangu inakufa, Kavira. Usiolewe na maiti." Nilikasirika, nikamuuliza kwa nini basi kila mara mupaka unapofungwa wamama wanajaa mulangoni. Akaweka kitambaa chini. "Ndiyo. Vita vikija ndiyo ninapata kazi. Unafikiri ni kitu kizuri, kuwa mutu ambaye vita vinamuletea wateja?" Nilichukua kitambaa kile, nikamalizia kioo.

Na vita vilikuja, kama kawaida yake, kwa barabara ya kaskazini. Kwanza lori zikakoma kushuka. Halafu tukasikia kambi ya jeshi ya Rumangabo imeanguka, halafu tukaona watu: magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, bibi amebebwa juu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, kati ya masufuria. Wakalala shuleni, wakalala kanisani, wakajenga vibanda vya turubai juu ya mawe nyeusi nje ya muji. Mupaka ukafungwa, chupa nyekundu zikaisha katika maduka kwa siku chache. Kwetu mustari ulifika hadi barabarani, na kikapu cha mizani hakikupumzika. Ndipo nilipoona ni kwa nini muzee aliuliza kilo. Mama anasema miaka sita, na mutoto anapanda kikapuni na sindano inasogea kidogo tu, mahali pa mutoto wa miaka miwili. Muzee alikuwa anasoma namba ile kwa sauti ya chini siku zile. Majina ya mizaha aliyaacha.

Muchana mumoja akafika mama kutoka Kalengera, na binti yake mgongoni. Binti alikuwa na kifafa, na dawa zake zilibaki dirishani wakati nyumba nzima inakimbia. Alikuwa ameanguka njiani tayari. Muzee alikuwa kwenye kinu, anamaliza dawa ya mwingine, basi nilitengeneza mimi. Nilipima, nikachanganya, nikagawa, nikakunja, na kazi ilikuwa safi, nilijua ni safi. Muzee akaja, akanawa mikono polepole, akafungua pakiti ya kwanza. Na pale pale binti akaanza kukakamaa juu ya mapaja ya mama yake.

"Muzee, mupe moja! Moja tu, zingine utapima!"

Hakuinua kichwa. "Mulaze kwa ubavu. Vuta ile meza mbali. Akiwa hivi hawezi kumeza kitu." Na akaendelea kupima.

Nilimushika yule mutoto kichwa, nikilia kwa hasira. Kwa hakika ile haikuwa saa ya kumeza, nilikuwa nimefundishwa, lakini hasira haisikii mafundisho. Degedege likapita. Binti akarudi, akafungua macho, na muzee akafika na pakiti ya kwanza ndani ya kijiko cha maji. Zote zilikuwa zimelingana. Zote! Mama yule akashika mikono ya muzee na kulia juu yake. Mimi nilisimama pale kama kiti.

Walipotoka nikamugeukia. "Zimelingana, si umeona? Miaka hii yote bado huniamini?"

"Kukuamini ni jambo la nyumbani," akasema. "Hapa tunapima."

Nilivua bluzi yangu nyeupe, lile koti la kazi, nikaiweka juu ya meza, nikatoka. Nilipita katikati ya wakimbizi wote wale wa mustarini nikiwa nalia, na wakanipisha, wakidhani nimefiwa.

Nyumbani baba alifurahi, sitaficha. Alikuwa mufanyabiashara wa maharagi, alikuwa ananitafutia siku nyingi nafasi kwa watu wa ONG, mashirika ya misaada, kazi ya kuandika magari yanayoingia na yanayotoka, na sasa nafasi ilikuwa imepatikana. "Kazi ya kukaa, ya kompyuta," akasema. "Si ya kusaga kama mama wa muhogo." Nilikubali. Nilikuwa nianze Jumatatu.

Jumapili baada ya misa muzee akaingia katika parseli, kiwanja chetu cha nyumbani. Alivaa suti. Mama akamuletea kiti na chai, baba akazima redio. Sikutaka kutoka chumbani, lakini nyumba yetu ni ya mbao, mutu akiongea sebuleni ni kama anaongea juu ya kitanda chako. Basi nikatoka, nikakaa karibu na mulango.

Hakuniomba musamaha wala hakunipa shauri. Aliongea na baba, na akaongea kuhusu zamani, wakati wakimbizi walivuka mupaka kwa wingi hadi barabara za Goma zikakosa mahali pa kuweka muguu. Alikuwa anafanya kazi ndani ya hema moja, muke wake katika hema lingine. Mama mumoja akamuletea mutoto mwenye degedege. Miaka? Mitano. Muzee alijua kipimo cha miaka mitano kama anavyojua jina lake.

"Nikatengeneza, nikampa," akasema. "Kulikuwa watu wengi nyuma yake. Sikumutazama mutoto, papa. Nilitazama miaka. Mwili wake njaa ilikuwa imeula, alikuwa amebaki kama mutoto wa miaka miwili, na mimi nikampa dawa ya mitano. Akalala. Akalala jioni, akalala usiku, akalala siku iliyofuata yote. Nilikaa karibu naye, sikio langu kwenye pua yake."

"Akafa?" mama akauliza.

"Akaamuka. Akaomba maji. Mungu alimuamusha, si mimi." Akamugeukia mama. "Na unajua mama yake alifanya nini? Alinishukuru. Mutoto wake hakuwa amelala vizuri tangu walipotoka kwao, akafikiri nimemupa dawa nzuri ya usingizi. Alipiga magoti akasema aksanti, aksanti munganga. Aksanti ile inanichoma hadi leo. Hakukuwa na mutu nyuma yangu wa kuniuliza: papa, huyu mutoto umemuona?"

Baba alikoroga chai iliyokuwa imeshakorogwa.

"Sasa, muzee," akasema mwishowe, "unataka nini kwa binti yangu?"

"Nataka aende asome. Ninachojua mimi amekichukua chote. Nilimuambia kazi hii inakufa; nilikosea. Kama kutakuwa watoto wadogo na dawa za watu wakubwa, mutu atatakiwa."

Nikapata mudomo. "Na nikirudi nimesoma, utaniacha nitoe dawa bila wewe kupima?"

"Hapana," akasema muzee, haraka haraka, bila hata kufikiri, na baba yangu akaanza kucheka, mama naye, na mimi nikacheka huku nimechukia. Jumatatu nilirudi kuvaa bluzi yangu. Mwaka uliofuata nikapanda boti kwenda Bukavu kusoma.

Nilisoma, nikafaulu, nikafanya kazi kule muda. Nilipima na watu wengine, wao nyuma yangu na mimi nyuma yao. Hasira ilipungua lakini ile tamaa haikuisha. Ilikaa tu. Niliporudi Goma, vita vilikuwa vimerudi pia, vikubwa kuliko vya kwanza, na safari hii viliingia ndani ya muji. Farmasi ya muzee ilivunjwa siku zile za fujo, wakabeba kila kitu hadi rafu. Aliniambia kwamba aliiona mizani yake sokoni, kwa mwanamuke wa viazi, na hakuiomba. "Imerudi kwenye kazi yake," akasema. Alikuwa anaishi kwa binti yake, nyuma ya shule, na macho yalikuwa yameanza kumuacha. Aliona mwanga, aliona watu kama vivuli. Kusoma mizani haikuwezekana tena.

Mimi nilifungua chumba changu pale pale Majengo, pamoja na rafiki yangu Noella, tuliyesoma naye Bukavu. Yeye anapima nyuma yangu, mimi nyuma yake, na ndoo ya chokaa iko kati yetu. Kazi haikosekani. Mungu anajua nilitamani ikosekane.

Ni muchana fulani, si wa zamani sana, muzee alipoingia ameshikwa mukono na binti yake. Alikuwa amepungua. Shati lilimuning'inia mabegani. Miezi kadhaa alikuwa anakunywa dawa ya moyo, komprime ndogo sana, na katika muji mzima hazikupatikana tena; zilizobaki zilikuwa za nguvu zaidi, na dawa ile haina mizaha. Ikiwa kidogo haisaidii. Ikizidi kidogo, inasimamisha moyo ule ule uliotaka kuusaidia. Alikuwa hajanywa tangu siku kadhaa, miguu imevimba, anapumua kwa mudomo.

"Ponda, Kavira," akasema, na kukaa kwenye benchi.

Noella alikuwa ameitwa kituo cha afya kuangalia dawa zilizoletwa. Nikaponda. Nikachanganya hatua kwa hatua, nikagawa juu ya kioo, nikapima, nikakunja. Yeye alikuwa amegeuza sikio upande wangu, anafuata mutwangio. Nilipomaliza nikapanga pakiti mezani mbele yake. Alisikia karatasi. Akanyoosha mukono, akapapasa, akachukua moja, akaanza kuifungua.

"Lete maji," akasema.

Binti yake akasogeza kikombe. Na mimi nikaelewa ni nini kinatendeka. Muzee anataka kunywa dawa yangu. Hakuna aliyeipima nyuma yangu, anajua hakuna, na anataka kuinywa. Nilingojea kitu hiki tangu ujana wangu, na kilikuwa pale, katika vidole vyake.

Nikamushika mukono. "Muzee, ngoja."

"Ngoja nini? Ninapumua vibaya, binti yangu."

"Noella hajapima."

"Mimi ndiye ninakuambia sawa."

"Hata wewe, muzee."

Niliitoa ile pakiti katika vidole vyake, kimoja kimoja, alikuwa ameishika kwa nguvu. Nikaikunja na kuirudisha kati ya zingine. Binti yake alinitazama kwa macho makali; sikumulaumu. Nilimupigia Noella simu, nikamuambia apande pikipiki sasa hivi. Halafu tukakaa. Muzee aliegemeza kichwa ukutani. Kila pumzi yake niliisikia, na kila moja ilinisema. Nilijiambia, Kavira, kama huyu papa atakufa kwenye benchi lako kwa sababu ya kiburi chako, utaenda wapi? Lakini sikumupa.

Noella akaingia na vumbi lake, akanawa, hakuuliza kitu, hatukumuambia namba. Akafungua ya kwanza, akapima. Ya pili. Ya tatu. Mimi nilikuwa nimemupa mugongo. Nikasikia mukono wake umesimama, halafu akapima ile ile tena. Halafu akaendelea hadi mwisho.

"Mbili hazikubali," akasema. "Ni nzito. Nzito sana, Kavira."

Mukono wangu ulikuwa umetetemeka kwa sababu ni yeye, na sikuuona ukitetemeka. Kama moja ya hizo mbili ndiyo ile aliyokuwa anaifungua, sijui. Sitajua. Zilikuwa zimechanganyika.

Nilikusanya zote, nikazimwaga ndani ya ndoo, na muzee, ambaye hakuona kitu, alisikia unga unaingia majini. Niliona uso wake ukigeuka kuelekea sauti ile. Nilidhani atasikitika. Alikaa wima, akajifunga kifungo cha juu cha shati kama mutu anayengojea misa, akamuambia binti yake:

"Nenda nyumbani, mama. Waambie wale chakula, wasiningoje. Hawa wawili bado wanafanya kazi."